Seli zilizopanda mishikaki

Wiki ya saba ya kuchambua data za saratani ya mifupa. Jumamosi iliyopita niliamini nimegundua aina mpya ya seli ya saratani. Kufika Jumatatu ugunduzi ulishakufa, na aliyeuua ni mdogo wangu, dereva wa bodaboda.

Kwa mliochelewa: mchana nafanya kazi maabara ya zahanati hapa Ngamiani, Tanga. Malaria, mkojo, choo, wingi wa damu, basi. Usiku nachambua data za osteosakoma, saratani ya mifupa inayowapata zaidi watoto na vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi pale gotini. Nilianza baada ya kijana mmoja wa mtaani kuvimba goti, akakandwa maji ya moto miezi mitatu kwa kuwa kila mtu alisema kajigonga mpirani. Habari zake naziachia hapo.

Data si zangu. Watafiti wa China walichapisha mwaka 2020 kwenye jarida la Nature Communications uchambuzi wa seli 100,987 kutoka vivimbe 11: 7 vya mwanzo, 2 vilivyorudi na 2 vilivyohamia mapafuni, ambako osteosakoma hupenda kukimbilia. Majedwali yako wazi kwenye GEO, hifadhi ya data za jeni mtandaoni, namba GSE152048. Mwenye bando ashushe.

Nilishaeleza jinsi seli moja moja inavyosomwa, ila nimepata mfano mzuri zaidi. Kila seli hufungiwa ndani ya tone dogo la maji linaloelea kwenye mafuta, pamoja na kishanga chenye nyuzi nyingi. Nyuzi zote za kishanga kimoja zina msimbo mmoja wa herufi 16. Seli ikipasuliwa humo, RNA zake, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi ndani yake, hunaswa na nyuzi hizo na kubeba msimbo wake. Ni kama kanga: kila tone lina jina lake, na kila kilichotoka humo kimeandikwa jina hilo. Baadaye zote zinamwagwa pamoja na kusomwa kwa mkupuo, lakini jina halipotei.

Jumamosi. Kabla ya ugunduzi kulikuwa na maafa. Jedwali la seli laki moja mara jeni elfu 33, kila namba baiti 4, ni zaidi ya gigabaiti 13. Kompyuta yangu ina kumbukumbu (RAM) ya 8. Kawaida haileti shida kwa sababu sehemu kubwa ya jedwali ni sifuri, na Scanpy, programu ninayochambulia, haihifadhi sifuri. Mimi nikaamuru isawazishe viwango, yaani kila namba itolewe wastani wa jeni yake, na papo hapo sifuri zote zikageuka kuwa namba za kuhifadhiwa. Kompyuta ikaganda, feni ikalia kama mashine ya kukoboa. Dawa yake ni kuchagua kwanza jeni 2,000 zinazotofautiana zaidi kati ya seli na seli, ndipo usawazishe. Hapo haifiki hata gigabaiti 1.

Makundi ya seli zinazofanana yakatokea vizuri kwenye picha, kila kidoti seli moja. Yenye jeni za COL1A1 na ALPL, hao ni watengeneza mfupa, na humo ndimo saratani yenyewe inamojificha. Yenye CD14, makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Yenye CD3D, seli T, nazo za kinga. Katikati ya watengeneza mfupa na makrofaji kulikuwa na kisiwa kidogo chenye COL1A1 na CD14 kwa pamoja. Seli ya saratani iliyovaa kanzu ya askari wa kinga! Wallahi sikulala. Nilishaanza kuitafutia jina.

Jumapili mdogo wangu alikuja kuchaji simu, akaona picha, akauliza hivi vidoti ni nini. Nikamweleza tone, seli, jina. Akauliza, "Kaka, na tone likibeba wawili?" Nikanyamaza. Akacheka: "Basi hao wamepanda mishikaki," yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki moja.

Ndivyo. Kwa mashine za matone zilizotumika sana enzi za data hizi, ukilenga kuvuna seli 10,000 kwa mkupuo, takribani 8 katika kila 100 si seli moja bali ni mbili zenye jina moja. Najua hili, nimelisoma mara tatu, na bado nilisahau kwa sababu ya tamaa.

Jumatatu nikaendesha Scrublet, programu ya kusaka matone yenye seli mbili. Ujanja wake naupenda: inaokota seli mbili ovyo, inazijumlisha, inatengeneza mishikaki ya bandia kwa maelfu, kisha inauliza ni seli gani halisi zimekaa jirani na hao bandia. Kisiwa changu karibu chote kikawaka. Kwaheri.

Lakini kikawaka na kitu kingine, na hapa nimekaa siku tatu. Sehemu ya kundi lenye CTSK na ACP5 nayo ilihukumiwa. Hizo ni osteoklasti, walaji wa mfupa. Osteoklasti huzaliwa kwa chembe za ukoo wa makrofaji kuungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. RNA yake ni nyingi, na ina sura ya ukoo wake. Ukifuta kila tone lililojaa kupita kiasi, unafuta mishikaki pamoja na abiria mmoja mnene aliyelipa nauli yake halali. Tena wanene kabisa, wanaofikia maikromita 100, hawapiti kwenye mfereji wa matone, kwa hiyo waliomo kwenye data ni wachache tayari. Nimewarudisha kwa mkono, nikitazama kama wana COL1A1 nyingi ya kweli au la.

"Ya kweli" nasema kwa sababu COL1A1 iko kila mahali. Hata seli T zinaonyesha chembechembe zake, na seli T hazijengi mfupa. Uvimbe ukimeng'enywa ili seli ziachane, nyingine hupasuka, RNA zao zinakuwa mchuzi unaoingia kila tone. Mchuzi huu sijaushughulikia bado.

Alhamisi: umeme ulikatika, hakuna kazi.

Ijumaa usiku nimejaribu infercnvpy, programu ya kukisia vipande vya kromosomu vilivyoongezeka au kupungua, kwa uvimbe mmoja. Inapanga jeni kwa mfuatano wa kromosomu na kulinganisha na seli za kinga: kipande kilichoongezeka kinakuwa chekundu. Kromosomu za osteosakoma zimevurugika vibaya, kwa hiyo picha haikuwa na aibu. Kwa watengeneza mfupa, mkono mrefu wa kromosomu ya 8, ilipo jeni ya MYC, mstari mwekundu mzito. Ndio mahali panapojulikana kuongezeka kwenye saratani hii. Seli T nyeupe tupu. Na safu chache katikati zilikuwa na mstari uleule, lakini umepauka, kama rangi iliyotiwa maji. Nikaangalia majina yao: wametoka kisiwani, Scrublet iliwapita.

Ni wawili wawili tena, mgonjwa na mzima ndani ya tone moja. Nimewaandika kwenye daftari, nawatoa kesho.