Farumi ya maji katika boti ya weikibodi: tuanze na njia ya kutolea

Watu wengi wanaotaka kufunga mfumo wa farumi ya maji, yaani maji yanayobebwa ndani ili kuongeza uzito wa chombo, katika boti ya weikibodi huanza kwa kuuliza maji yataingiaje, na yataingia kwa kasi gani. Mimi na shemeji yangu tulipoifanya kazi hii katika boti yake ya futi 21, anayoitumia katika Ziwa Minnetonka, jimboni Minnesota, tulianza na swali la upande wa pili: maji yatatokaje, yatatoka yote, na ni kitu gani kitakachoyazuia kuingia wakati hatuyahitaji? Nasimama kwa dhati na mpangilio huo, kwa sababu karibu kila uamuzi mgumu wa kazi hii hujibiwa na swali hilo.

Mchezaji wa weikibodi husimama juu ya ubao akivutwa kwa kamba, mara nyingi kwa mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa, naye hulitumia wimbi la nyuma ya boti kama ngazi ya kurukia. Boti nyepesi hupita juu juu na kuacha wimbi dogo. Boti nzito huzama zaidi, husukuma maji mengi zaidi, na wimbi lake huinuka likawa na umbo. Mabaharia wa Lamu huhamisha magunia ya mchanga kutoka ubavu mmoja wa mashua hadi mwingine kadiri upepo unavyotaka, na kanuni ni ileile: uzito ukikaa mahali pake, chombo hutii. Ubora wa maji ni kwamba uzito huo hupatikana ziwani kwenyewe, ambapo lita 1 ni kilo 1, na boti hurudi nyumbani juu ya trela ikiwa nyepesi kama ilivyokuja.

Tuliamua kuweka mifuko miwili mizito ya plastiki huko tezi, yaani nyuma ya boti, mmoja kila upande wa injini, kila mmoja wa ratili 750, yaani takriban kilo 340, na mfuko wa tatu wa ratili 400, karibu kilo 180, chini ya sakafu katikati. Jumla yake ni kilo 860, sawa na watu wazima 11 wenye kilo 78 kila mmoja. Nataka kila anayesoma aikumbuke hesabu hiyo. Sheria ya Marekani inadai kwamba boti ya injini yenye urefu wa chini ya futi 20 iwe na bamba linaloonyesha idadi ya watu na uzito wa juu unaoruhusiwa, na watengenezaji wengi huliweka hata katika boti ndefu zaidi. Maji ya farumi huhesabiwa ndani ya uzito huo. Mifuko yote ikijazwa, lazima abiria wapungue, na hapo hapana mjadala. Boti iliyoshuka sana huwa na ukingo mfupi juu ya maji, na ikisimama ghafla, wimbi lake yenyewe huifikia kwa nyuma na linaweza kuingia ndani. Mwenye kuweka uzito mwingi huko omo, yaani mbele, naye aangalie, maana boti ya namna hiyo huinamisha pua na kuchota maji inapokutana na wimbi la boti nyingine.

Mfuko uliojaa nusu una hatari yake. Maji yaliyo huru kutembea hukimbilia upande ulioinama, na kwa kukimbilia huko huuinamisha zaidi. Kwa hiyo kila mfuko ama ujae, ama uwe mtupu, nao ufungwe kwa mikanda kwenye vishikizo vilivyoshindiliwa imara sakafuni.

Kuhusu pampu, zipo aina mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni pampu ndogo ya kuzamishwa, ya aina ileile inayotumika kuondolea maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti. Ni ya bei nafuu na husukuma maji mengi, lakini haiwezi kuyavuta kutoka chini yake, wala haiwezi kugeuza mwelekeo, hivyo kila mfuko huhitaji moja ya kujaza na nyingine ya kutoa. Ya pili ina impela, gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, ya mpira yenye mapezi yanayojikunja. Hujivutia maji yenyewe, na ukigeuza swichi huzunguka kinyume na kuutoa mzigo wote kwa bomba lilelile. Tulichagua hii ya pili, ijapokuwa ni ghali zaidi na mapezi yake huungua ikiachwa izunguke bila maji, kwa sababu huunyonya mfuko mpaka ukalala bapa kama shuka. Pampu ya kuzamishwa huacha maji chini, na maji yanayobaki ndiyo kiini cha matatizo nitakayoyaeleza mwishoni.

Tundu la kuingizia maji ndilo hatua inayowatia watu hofu, na hofu hiyo ina haki yake. Tulitoboa tundu moja tu, la kiungo cha shaba cha inchi 1.5, kisha ndani tukaweka kigawanyo kinachozilisha pampu tatu kwa mabomba ya mpira ya inchi 1. Mahali pake panatakiwa pawe chini kabisa karibu na tezi, mbali na mihimili inayokwenda kwa urefu wa boti, mbali na mbao za trela ambazo boti huzikalia, na pasiwe mbele ya rafadha, yaani panga linaloisukuma boti, kwa kuwa maji yaliyovurugwa na kiungo hayapaswi kuifikia. Tulitoboa kwanza tundu jembamba kutoka ndani, tukashuka chini kukagua lilipotokea, na baada ya kuridhika ndipo tukakata kwa msumeno wa duara kutoka nje, juu ya utepe uliozuia rangi isimeguke. Boti nyingine zina mbao laini au povu katikati ya tabaka mbili za faibaglasi. Huko ni lazima kitu hicho kikwanguliwe kuzunguka tundu na nafasi yake ijazwe epoksi, la sivyo maji hupenyeza na kuozesha sakafu polepole bila mtu kuona. Kiungo huzungushiwa gundi ya kuzibia ya baharini, na koki, ya kufungulia na kufungia maji, huungwa papo hapo ndani. Koki hiyo ndiyo mlinzi wa kweli wa boti. Hukaa imefungwa wakati wote ambapo mifuko haijazwi wala haitolewi, nasi tuliiweka mahali ambapo mkono huifikia bila kuhamisha mzigo wowote.

Kila mfuko una pia bomba la pumzi linalotoka juu yake na kwenda kwenye tundu dogo ubavuni mwa boti. Bomba hili hutoa hewa wakati wa kujaza, na maji yakianza kumwagika hapo unajua kwamba mfuko umejaa. Tundu lake lazima likae juu ya usawa wa maji boti ikiwa imejazwa kabisa na abiria wote wakiwa wamekaa, si boti ikiwa tupu. Likizama, maji yataingia kwa kujivuta yenyewe hata kama pampu zimezimwa. Juu ya hayo, tuliyapandisha mabomba ya pumzi mpaka chini ya ukingo kabla ya kuyashusha kwenye matundu, na katika kila moja tukaweka valvu ya upande mmoja inayoruhusu hewa kutoka bila kurudi. Ndiyo inayowezesha pampu kuubana mfuko hadi bapa.

Umeme hauna siri nyingi, ila unadai nidhamu. Pampu moja hula takriban ampea 20 kwa volti 12. Ikiwa iko mita 5 kutoka kwenye betri, mkondo husafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 6 hupotea karibu asilimia 5 ya volti, na kwa waya wa milimita za mraba 10 hupotea karibu asilimia 3. Tulichukua huo mnene, wa shaba iliyopakwa bati ili isiliwe na unyevu, na fyuzi ya kila waya ikakaa karibu kabisa na betri. Kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutua ngamani, kila pampu, swichi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyo karibu na injini lazima iwe ya aina iliyothibitishwa kuwa haitoi cheche nje.

Sasa yale maji yanayobaki. Mwaka 1988 kome wadogo wenye milia, asili yao ikiwa eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi, waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, baada ya kuletwa na maji ya farumi ya meli kubwa. Mwaka 1989 walionekana katika bandari ya Duluth, jimboni Minnesota, na mwaka 2010 katika Ziwa Minnetonka. Mabuu yao hayaonekani kwa macho, na lita chache zilizosahaulika ndani ya mfuko zinatosha kuyabeba hadi ziwa jingine. Sheria ya Minnesota inadai boti itolewe maji yote kabla ya kuondoka ufukweni na isafirishwe vizibo vya matundu ya kutolea maji vikiwa vimetolewa. Sisi huyatoa maji ya mifuko boti ingali ndani ya ziwa lilelile, tukaviondoa vizibo boti inapopanda, na hatuendi ziwa jingine kabla ya kukausha kwa siku zisizopungua 5. Mfuko uliofungwa haukauki wenyewe, kwa hiyo mifuko hutolewa na kuanikwa ikiwa wazi, jambo lililotufanya tuchague viungo vya mabomba vinavyofunguka kwa mkono.

Wimbi nalo hufika ufukweni, nako kuna wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipendekeza mwaka 2022 kwamba boti zinazotengeneza mawimbi makubwa ya kuteleza bila kamba zikae zaidi ya futi 500, karibu mita 150, kutoka ufukweni, nasi huufuata umbali huo hata kwa weikibodi.

Kabla ya barafu kuja, pampu huzungushwa zikatoa tone la mwisho, dawa ya kuzuia kuganda isiyo na sumu hupitishwa katika mabomba, impela hutolewa ili mapezi yasikauke yakiwa yamekunjika, na koki huachwa nusu wazi ili maji yasigandie ndani ya kiini chake yakaipasua.