Fizi zangu, uzi wa meno na samaki mara mbili kwa wiki

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa natema damu kila nikipiga mswaki, na kila mara nilikuwa na kisingizio: mswaki mgumu, nimesugua kwa nguvu, dawa hii hainifai. Nikabadilisha mswaki, nikabadilisha dawa. Siku moja nikauma tunda, nikaona alama nyekundu pale meno yalipoingia. Hapo nikaogopa.

Daktari wa meno alichukua kichuma chembamba chenye vipimo, akawa anakichomeka kati ya ufizi na jino, jino moja moja, huku akimtajia msaidizi wake namba: mbili, tatu, tatu, tano. Ile tano niliisikia vizuri. Akanieleza kwamba kwenye fizi zenye afya kichuma huingia milimita 1 hadi 3 tu. Kikiingia zaidi ya hapo, ufizi umeanza kuachia jino na pamefanyika kijifuko ambamo bakteria wameweka makazi. Ukoga uliogandia humo hautoki kwa mswaki. Aliukwangua kwa vikao viwili, na sitasema haikuuma.

Nilipouliza kuhusu chakula nilitarajia kuhubiriwa sukari, na kweli nilihubiriwa. Kisha akauliza, "Samaki unakula?" Nikacheka. Mimi na miiba hatujawahi kupatana.

Alivyonifafanulia ni kwamba bakteria huanzisha ugomvi, lakini uharibifu mkubwa hutokana na mwili wenyewe unapopigana nao bila kukoma. Uvimbe huo usiokwisha ndio unaokula mfupa ulioshika jino. Samaki wenye mafuta, kama sadini, vibua na samoni, wana mafuta yanayoitwa omega-3, hasa aina za EPA na DHA, ambazo mwili huzitumia kutengeneza kemikali za kuutuliza uvimbe. Baadaye nikasoma utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wa watu wazima zaidi ya 9,000: waliokula DHA nyingi zaidi walikuwa na ugonjwa wa fizi pungufu kwa takriban asilimia 20. Sikuruka kwa furaha. Huenda wanaokula samaki ndio hao hao wanaojali meno yao.

Nikaanza na mara mbili kwa wiki. Wiki za mwanzo nilikosea: niliwakaanga kwenye mafuta mengi mpaka wakakauka kama kuni, kumbe hivyo sehemu ya omega-3 hupotea na mafuta ya kukaangia huchukua nafasi yake. Sasa nawaoka au nawachemsha. Sadini wa kopo ndio walionisuluhisha na miiba, kwa sababu miiba yao ni laini, unaitafuna yote, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Vitamini D ya kusaidia mwili kuinyonya imo humo humo kwenye nyama yenye mafuta. Wale wakubwa kama papa na nduwaro siwagusi, kwa sababu ya zebaki.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Damu ilipokoma nikajiona nimepata dawa, nikaacha uzi wa meno. Samaki niliendelea kula vilevile. Wiki ya tatu, sinki likawa jekundu tena. Nikarudi kwenye uzi kimya kimya, na daktari sikumwambia.

Baada ya miezi mitatu nilipimwa upya. Tano nyingi zilishuka kuwa tatu. Kiasi gani ni kazi ya kukwangua, kiasi gani ni uzi na kiasi gani ni sadini, siwezi kukugawia. Ningelazimishwa kupanga, samaki ningemweka wa tatu. Gego la mwisho, kushoto chini, limebaki kwenye 4. Mfupa ulioliwa pale haurudi kwa chakula, kwa hiyo jino hilo nalipitishia uzi mara mbili kila usiku, hata nikiwa na usingizi.