Kwenda Kongwa na upepo wa Julai

Watu wa pwani huicheka baridi ya Dodoma mpaka siku watakapolala huku mwezi wa saba. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za kipupwe joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwa mtembea kwa miguu hiyo si kitu. Mwenye baiskeli anayeelekea Kongwa ana hesabu yake: njia inakwenda mashariki, upepo unatoka kusini-mashariki. Ukikanyaga kilomita 18 kwa saa na upepo ukija usoni moja kwa moja na 20 zake, kifua kinapokea 38.

Tuliondoka saa kumi na mbili, jua halijachomoza. Ndani kabisa jezi ya poliesta ya mpira wa miguu, juu yake koti la upepo la mitumba. Fulana za pamba zilibaki nyumbani, maana pamba hunywa jasho na haikauki njiani. Koti ulipime palepale sokoni: weka kitambaa mdomoni, puliza; pumzi ikipenya kirahisi, upepo nao utapenya. Liwe na zipu ya mbele kutoka shingoni hadi kiunoni. Waendesha bodaboda huvaa koti mbele nyuma kukinga kifua, na wanajua wanachofanya, ila wao hawakanyagi pedeli. Anayekanyaga anahitaji zipu karibu na mkono, aifungue kabla ya mlima, asisubiri jasho lianze kutiririka.

Kipimo cha mavazi ni dakika 10 za mwanzo. Ukitoka mlangoni unasikia raha, umevaa kupita kiasi. Usikie ubaridi kidogo. Ukifika Ihumwa mwili umeshawaka.

Magoti yafunikwe, kwa sababu hayana nyama ya kuyakinga. Chukua sweta kuukuu, kata mikono yake begani, shona lastiki ya sentimita 2 upande wa paja, basi umepata vifuniko vya magoti vya kuvua bila kuvua viatu. Kifuani, kati ya jezi na koti, tandika kurasa nne za gazeti. Zikilowa, weka nyingine. Miguuni, mfuko wa mkate kati ya soksi mbili, kwenye vidole tu. (Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini wa mkate bado upo.) Baada ya saa moja uondoe, la sivyo soksi zitaloa kwa jasho lililokosa pa kutokea.

Mikono nayo ina jambo lake. Vidole vyote vikifa ganzi, hiyo ni baridi, tafuta glovu. Kikifa kidole cha mwisho na jirani yake peke yao, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa na usukani; glovu hazitasaidia, badilisha mahali unaposhika.

Baada ya Buigiri mashamba yanafunguka, na kuelekea Chinangali kwenye mizabibu hakuna cha kuzuia upepo. Ndipo mwiba ulipoingia. Kabla ya kugusa gurudumu, vaa kila ulichobeba. Dakika 15 za kuziba pancha ukiwa na mgongo uliolowa zinatosha kukuchukulia joto lote la asubuhi, na vidole vilivyoganda havitoi tairi kwenye rimu. Geuza baiskeli nyuma ya kichaka au kalavati. Msasa, solusheni nyembamba, kisha subira: kwenye baridi hukauka polepole, kwa hiyo ipe dakika 5 au zaidi, mpaka ukigusa pembeni isinate kidoleni. Kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi kitaachia ukijaza upepo. Tyubu ya akiba ingekuwa rahisi zaidi.

Mbande, kama kilomita 70 kutoka mjini, tuliiacha barabara ya Morogoro tukakamata ya Kongwa. Eneo hili Waingereza walifyeka vichaka kwa mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951. Karanga hazikukubali, upepo upo.

Ukifika, usiagize chai kwanza. Badili jezi, kausha nywele, vaa soksi kavu na kofia, halafu ndiyo ukae. Misuli imeacha kuzalisha joto, lakini nguo iliyolowa inaendelea kulichota. Kisha uji wa uwele au chai ya tangawizi, na chumvi kidogo kwenye chakula, kwa sababu jasho lilitoka nayo. Baridi husahaulisha kunywa maji. Nusu lita kila saa njiani, hata kama hujasikia kiu. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Na mtu akikuletea jiko la mkaa uote chumbani, shukuru ulitoe nje: hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na chumba kilichofungwa ili kuzuia baridi ndicho kinachoua.

Siku ya pili kila mtu alitegemea raha, upepo ukiwa mgongoni. Hapo ndipo baridi inapokamata watu. Ukikimbia 20 na upepo ukija nyuma kwa 20, unasafiri ndani ya hewa iliyotulia. Hakuna kinachokausha jasho, unavua koti, unalifunga kwenye keria. Mgongo umelowa chapa na wala hujui. Unasimama kununua maji, na upepo uleule uliokuwa ukikusukuma unakupiga. Kwa hiyo jezi kavu ya pili isifungwe chini ya mzigo. Tuliiweka juu kabisa, ndani ya koti, na kila tuliposimama zaidi ya dakika 3 koti lilivaliwa kabla ya mguu wa pili kugusa ardhi. Chamwino tulibadili jezi kabisa nyuma ya ukuta wa duka, ile iliyolowa ikafungwa juu ya mzigo, na tulipofika Ihumwa ilikuwa imekauka.