Udongo ulioishia kwenye migomba

Masika ile nilikuwa mwanafunzi SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nikipima mmomonyoko upande wa Uluguru ambako mto Mzinga huteremka kuelekea bwawa la Mindu, linalowapa maji watu wa mjini. Kipande changu cha majaribio kilikuwa na urefu wa mita 22.1, kama vya Wamarekani waliotunga USLE, kanuni ya kukadiria udongo unaopotea shambani: kingo za bati pembeni, pipa chini la kukinga maji na tope.

Kanuni yenyewe ni kuzidisha tu: ukali wa mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na mwinuko wa mteremko, mimea iliyofunika ardhi, hatua za hifadhi. Kompyuta hutoa jibu kwa tani kwa hekta kwa mwaka.

Mvua haikungoja mwaka uishe. Ilishuka usiku, shamba limeshachomwa na kulimwa, mahindi ndiyo kwanza yanachipua. Asubuhi nilikuta pipa limefurika; kipimo hakuna. Nikainama. Kila kijiwe kilikuwa kimesimama juu ya kiguzo cha udongo, kama uyoga, maana matone yalichimba kote isipokuwa pale kijiwe kilipokinga. Nikaweka rula: milimita tatu, kwingine nne. Milimita moja ikiondoka kwenye hekta nzima ni mita za ujazo 10, tani 12 hivi. Kwa usiku mmoja!

“Sasa mwanangu,” akaniuliza mama mwenye shamba, “hiyo kompyuta yako inajua udongo umekwenda wapi?”

Haikujua. USLE huhesabu udongo unaong’oka, haiufuati unakotua. Tukashuka naye tukifuata michirizi. Mingi iliishia kwenye migomba ya shemeji yake, tope limejaa masizi. Mmoja uliingia kwenye njia ya miguu, na njia ile ikaupeleka moja kwa moja hadi mtoni, mwekundu. Mpaka leo nikiingia kwenye bonde lolote natazama njia kwanza, mashamba baadaye.

Mzee mmoja alikuwa akitutazama. “Mnataka kuturudishia matuta?” Mwaka 1955 Waluguru waligomea matuta ya ngazi waliyolazimishwa na wakoloni, na hawajasahau. Nikamwambia hapana mzee, naomba tu majani yasichomwe kabla ya mvua.

“Na panya,” akasema, “utawafukuza wewe?”