Siku Moja Maishani Mwangu: Jumatano ya Mwanafunzi wa Kubadilishana Roskilde

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katikati ya Novemba jua la Denmark huchomoza ikikaribia saa mbili, hivyo kengele ya simu ililia nje kukiwa giza totoro. Ninaishi katika hosteli ya wanafunzi huko Trekroner, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Roskilde, ambako nimekuja kwa muhula mmoja chini ya mkataba baina ya chuo hiki na chuo changu cha Dar es Salaam. Kwa sababu ya mkataba huo silipi ada hapa, ilhali mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anayekuja kusoma shahada nzima hulipa, tena fedha nyingi. Kodi ya chumba na chakula ni juu yangu na posho yangu. Jiko tunalitumia wote wa ghorofa moja, na ratiba ya usafi imebandikwa kwenye friji. Nilikunywa uji wa oti na chai ya tangawizi, nikavaa koti na kutoka.

Saa mbili na robo ulianza mhadhara wa mipango miji. Mhadhiri aliingia na mkoba wa baiskeli begani, akawasha projekta na kuanza kufundisha bila mtu kusimama. Wanafunzi humwita kwa jina lake la kwanza, na baada ya dakika kumi hivi mmoja alimkatiza kumwambia kwamba hakubaliani na mchoro uliokuwa ukutani. Mhadhiri aliuangalia upya, akakiri kwamba hoja ina uzito, na darasa likaendelea. Kiti cha mbele yangu, msichana mmoja alikuwa akifuma soksi ya sufu ya kijani tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote. Mimi mpaka leo namwandikia mhadhiri huyu barua pepe nikianza na cheo chake, naye hunijibu akiweka jina lake la kwanza tu.

Saa nne tulikutana kikundi chetu, na hapa inafaa nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo siku yangu inapokwenda. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1972 kwa nia ya kufundisha kwa njia ya miradi ya vikundi, na hadi leo nusu ya pointi 30 za muhula hutokana na mradi mmoja. Wanafunzi wenyewe huchagua tatizo, hutafuta nadharia, hukusanya data na kuandika ripoti ndefu wakiwa na msimamizi mmoja. Kikundi chetu kina Wadenmark watatu, Mjerumani mmoja na mimi. Tunalinganisha miji miwili iliyofurika mwaka 2011: Copenhagen, iliyopigwa na mvua kubwa ya ghafla tarehe 2 Julai, na Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Desemba mwaka huohuo yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwaka uliofuata Copenhagen ilipitisha mpango wa kukabiliana na mvua za namna hiyo, wenye miradi ipatayo 300. Swali letu ni jinsi kila mji ulivyoamua maji yaende wapi na watu waende wapi.

Kikao huwa na mwenyekiti, katibu na ajenda, hata kama tupo watano tu mezani, na nafasi hizo huzunguka ili kila mtu azishike. Jumatano hii katibu nilikuwa mimi. Tulitumia karibu saa nzima kukubaliana kuhusu aya moja ya utangulizi, kwa kuwa hapa hakuna kupiga kura: mjadala huendelea mpaka wote waridhike, au angalau mpaka asiyeridhika achoke. Kwa maoni yangu utaratibu huu unakula muda kupita kiasi. Hata hivyo nakiri kwamba aya ile iliyopita mikononi mwa watu watano haikuwa na sentensi hata moja ambayo yeyote kati yetu angeshindwa kuitetea.

Mchana wao huanza mapema. Saa sita kasorobo kila mtu alifungua kikopo chake chenye vipande vya mkate mweusi mzito wa nafaka iitwayo rai, samaki wa kuokwa au mayai juu yake. Mimi nilipasha wali wa jana.

Saa saba tulikwenda kwa msimamizi. Siku mbili kabla tulikuwa tumemtumia kurasa tulizoandika pamoja na orodha ya maswali, naye alikuwa amezisoma zote na kuzijaza alama za penseli. Alinigeukia na kuuliza kwa nini sura ya Jangwani, eneo la bonde la Msimbazi, inategemea ripoti za wafadhili peke yake, na wakazi wako wapi. Nilisita, kwa kuwa nililelewa kumsikiliza mwalimu hadi mwisho na kumezea nilicho nacho. Kumbe ukimya hapa hausomeki kama adabu. Husomeka kama kwamba huna la kusema. Nilimweleza kuhusu barabara ya Morogoro inavyofungwa pale Jangwani mvua zikizidi, kuhusu waliopewa viwanja Mabwepande kisha wakarudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, na kuhusu gharama ya nauli ya kila siku. Aliandika kwa bidii, kisha akasema hayo ndiyo sura yenyewe.

Mwishoni mwa muhula tutaitetea ripoti kwa mdomo mbele ya msimamizi huyu na mtahini mwingine, wote watano kwa pamoja, lakini kila mmoja atapewa alama yake. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mitihani ya vikundi, na miaka kadhaa baadaye ikarejeshwa. Kipimo chao cha alama nacho kina mambo yake: cha juu ni 12, cha kufaulu kwa taabu ni 02, na chini kabisa ipo hasi 3. Ikilinganishwa na nyumbani, ambako mtihani wa kuandika hubeba sehemu kubwa ya alama, naona njia hii inamnyima nafasi mtu anayekariri usiku wa mwisho.

Saa nane na nusu mimi na Mjerumani tulipanda treni kwenda Copenhagen kupiga picha za bustani ya Enghaveparken, mtaa wa Vesterbro. Ni bustani ya zamani iliyojengwa upya ili mvua kubwa ikija igeuke bwawa lenye uwezo wa kuhifadhi maji mita za ujazo 22,600 hivi. Ukiingia bila kuambiwa huwezi kujua. Utaona ukuta mfupi wa zege unaoizunguka, watu wakiwa wameukalia kama benchi, na uwanja wa michezo ulioshushwa chini ya usawa wa ardhi, wenye ngazi pembeni. Vijana walikuwa wakicheza mpira humo ndani, mahali ambapo siku ya gharika patajaa maji. Tulipima urefu wa ukuta kwa futi kamba huku vidole vikifa ganzi. Saa kumi jioni jua lilikuwa limeshazama, na taa za baiskeli zilikuwa zikipita barabarani kwa msururu.

Nilirudi hosteli saa kumi na mbili, nikapitia dukani kurudisha chupa na makopo kwenye mashine, kwani kila kimoja kina amana ya kuanzia krona moja hadi tatu. Zamu ya kupikia ghorofa ilikuwa yangu. Niliwapikia maharage ya nazi, nazi ikiwa ya kopo, na sufuria ilirudi tupu.

Saa mbili usiku, ambayo Dar es Salaam ilikuwa saa nne, nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza kama nimekula, kisha kama nimevaa soksi, kisha akanipa habari za jirani yetu aliyejengewa ukuta unaoelekeza maji ya mvua uani kwetu. Nilimuomba anieleze tena taratibu, nikaandika.

Saa nne usiku nilituma muhtasari wa kikao na kurasa mbili mpya za Jangwani kwenye faili letu la pamoja. Kabla sijafunga kompyuta, mwenzangu mmoja Mdenmark alikuwa ameshaweka maoni pembeni: kisa cha ukuta wa jirani ni kizuri, lakini mtu mmoja si ushahidi. Nilimjibu kwa aya mbili. Hakuridhika, akaliweka jambo hilo la kwanza kwenye ajenda ya Ijumaa.