Kitoweo cha Kiwayu

Binti yangu kaletewa na shangazi yake kobe wa rangirangi, kachongwa kwa kandambili kuukuu. Nani kamtengeneza? Nikamwambia mafundi wa Nairobi, ila kandambili zenyewe hutupwa ufukweni na bahari, na watoto wa pande za Kiwayu, kisiwa cha kaskazini mwa Lamu, walikuwa wakizichonga za kuchezea kabla hata mafundi hawajajua kuna biashara. Sijamaliza, keshatoka nje kucheza. Mimi nikabaki Kiwayu.

Tulikwenda 2012, mimi na Ami, kumpelekea rafiki yake mashine ya boti iliyokuwa ikitengenezwa Lamu. Safari siisimulii, nilitapika sana. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Septemba, watu wenye bunduki walivamia hoteli ya ng'ambo ya kisiwa, wakamuua mtalii Mwingereza na mkewe wakamchukua hadi Somalia. Wageni wakakoma. Hoteli ikafungwa.

Kiwayu ni mchanga na vichaka. Maji ya kunywa ni ya mvua, hukingwa kwenye jabia, na siku zile jabia ilikuwa imebaki tope chini.

Adhuhuri tukawekewa sinia. Ubwabwa wa nazi kidogo katikati, na juu yake kamba mawe wawili wa kutisha, wekundu, masharubu yamepita ukingo wa sinia yakagusa jamvi. Kule Shela, kijiji cha watalii kisiwani Lamu, mtalii angelipia mmoja wao pesa ya kulisha nyumba nzima kwa siku kadhaa. Mwenyeji wetu akainamisha kichwa.

"Tusameheni, jamani. Kitoweo ni hiki tu."

Ami akacheka, akidhani ni mzaha. Mwenzake hakucheka. Mnunuzi alikuwa hoteli, akasema. Barafu pia ilitoka hoteli, na bila barafu kamba hafiki Lamu ila ananuka. Basi wanakula wenyewe, mpaka watoto wanalilia maharagwe. Kamba wenyewe wamechemshwa kwa maji ya bahari, chumvi haikuhitajika. Wali ndio unaokula maji matamu, kwa hiyo wali ukawa kiganja.

Tukanawa kwa maji ya bahari. Mke wake akatuletea ya kunywa, bilauri moja moja, imejaa hadi mdomoni. Nilikunywa nusu nikairudisha kwa heshima.

"Maliza, mwanangu. Hayarudi mtungini hayo."

Nikamaliza. Sijawahi kunywa maji kwa aibu namna ile, na yalikuwa matamu.

Ami nyote mnamjua: barazani hakuna anayewalaani Wazungu wa Shela na majumba yao kumshinda. Mara nyingine nakubaliana naye. Siku ile mwenzake alimuuliza kama Lamu kumesikika lolote, hoteli itafunguliwa lini.

"Karibuni, inshallah," Ami akajibu, bila kupepesa.

Njiani nikamuuliza kayasikia wapi hayo. Akaniambia nihamie upande wa pili, chombo kinalala.