Uzoefu wangu wa kuwaandaa walimu kuwafundisha wanafunzi wasioona

Walimu wengi wanaokuja kwenye mafunzo yangu huja na hofu ya nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizotokeza yanayosomwa kwa vidole. Wanadhani tutakaa mchana kutwa tukikariri nukta, na kwamba asiyezijua hana la kumpa mwanafunzi asiyeona. Kwa hiyo nukta nundu naziweka mwishoni. Naanza na ulimi wa mwalimu.

Namwomba mwalimu wa hisabati aje ubaoni atatue mlinganyo kama anavyofanya siku zote. Wenzake wanaupa ubao mgongo na kuandika wanachosikia. Anaanza: "Hii tunaitoa hapa, tunaipeleka huku, kwa hiyo hapa inabaki hii." Wakigeuka, daftari zao ni tupu. Kisha namwomba arudie, safari hii akitamka kila anachoandika: "Tatu eksi jumlisha tano ni sawa na ishirini. Natoa tano pande zote mbili. Inabaki tatu eksi ni sawa na kumi na tano." Wote wanaandika, na wote wanapata jibu.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, maana kutamka tu hakutoshi. Ukisema "eksi jumlisha moja gawanya kwa mbili", nusu ya walimu wataigawa ile moja peke yake na nusu watagawa vyote. Anayeona ubao hukata shauri kwa kuutazama mstari wa sehemu, lakini asiyeuona hana pa kushika. Tunakubaliana kusema: "sehemu, kiasi chake ni eksi jumlisha moja, asili yake ni mbili, mwisho wa sehemu." Walimu wa kemia hupambana na fomula zao, wa jiografia na ramani, na kila mmoja hutengeneza kauli zake. Muda mwingi wa mafunzo nautumia hapa, na siujutii. Hata wanafunzi wanaoona, hasa wa viti vya nyuma, hufaidika na mwalimu anayesema anachoandika.

Waandaaji kadhaa waliniomba niwafunge walimu vitambaa machoni ili "waonje upofu". Nilikataa, na bado nakataa. Aliyefungwa macho kwa dakika chache huonja mshtuko wa kupoteza kuona, lakini haonji maisha ya mtu aliyejifunza kusoma kwa vidole na kutembea na fimbo nyeupe. Utafiti wa saikolojia umeonyesha kuwa mazoezi ya namna hiyo huweza kuwafanya washiriki wawaone wasioona kuwa na uwezo mdogo kuliko walivyodhani awali. Huruma ya aina hiyo ikiingia darasani, mtoto hupunguziwa kazi na kupewa maksi za kumfariji. Badala yake nafundisha pamoja na mwalimu mwenzangu asiyeona. Anasoma maandalio yake ya somo kwa vidole, anajibu maswali, anapinga hoja. Washiriki wakishamsikia akifundisha, lile swali la "wataweza kweli?" haliulizwi tena.

Kundi linaloonewa zaidi, kwa maoni yangu, ni wenye uoni hafifu. Mtoto asiyeona kabisa angalau anaaminiwa. Huyu anaambiwa anajifanya, kwa kuwa jana aliokota sarafu sakafuni na leo anasema haoni ubao. Nawaeleza kwamba kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani upofu huanzia chini ya 3/60 kwenye jicho lenye nafuu. Maana yake, kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa umbali wa mita 60, huyu hata kwa mita 3 hakioni. Juu ya hapo kuna wengi wanaoona kwa namna tofauti kabisa. Mwanafunzi mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, na akiinamisha kichwa upande usimwambie akae vizuri, kwani mara nyingi ndiyo pembe ambayo macho yake hutulia. Mwingine ameathirika retina na kubakiwa na tundu dogo la kuonea katikati. Anasoma herufi ndogo, lakini anajikwaa kwenye mkoba ulioachwa njiani. Huyo ukimkuzia maandishi unamtesa, kwa sababu neno zima halienei tena kwenye lile tundu. Ndiyo maana nasisitiza mwalimu amuulize mwanafunzi mwenyewe, kisha wajaribu pamoja kiti, mwanga, wino na ukubwa wa herufi.

Nukta nundu zinapofika, hofu imeshapungua. Nukta ni 6, safu mbili za tatu tatu, nazo hutoa alama 63. Herufi a hadi j hutumia nukta 4 za juu. Ongeza nukta ya 3, ya chini kushoto, upate k hadi t. Ongeza na ya 6, ya chini kulia, upate u, v, x, y na z. W haifuati mpango huo, kwa kuwa Louis Braille alikuwa Mfaransa, na lugha yake haikuihitaji. Sisi wenye walimu, watoto na wanafunzi tunaihitaji kila mstari! Mwalimu wa darasa anajifunza kuzisoma kwa macho, inatosha kuanzia. Namwonyesha pia kwamba kwenye kibao cha mkono, ambacho nukta hutobolewa moja moja kwa sindano, mwanafunzi hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu hutokeza upande wa pili wa karatasi. Akilijua hilo hatamharakisha.

Jambo gumu kuliko yote ni muda. Mtihani unaochapwa asubuhi ileile hauwezi kuwa tayari kwa nukta nundu, na picha ya ukurasa ikitumwa kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma skrini inaweza kubaki bubu. Andika maandishi, usipige picha, na uyatoe mapema.

Baada ya mafunzo nawafuata walimu madarasani. Mara nyingi nakuta ulimi umebadilika vizuri, ila kwenye kazi za vikundi jirani anajibu kwa niaba ya asiyeona. Tunarekebisha palepale: jirani asome swali, jibu litoke kwa mwenyewe, na mwalimu amtaje kwa jina, maana kumtazama hakumwambii kuwa ni zamu yake. Kwa mafunzo yajayo nimeomba wakuu wa shule wakae na walimu wao tangu mwanzo, kwa sababu ratiba ya mitihani iko mikononi mwao.